Tepe Nyekundu Kwenye Mizabibu ya Mama

Naona aibu kuisimulia hii, lakini afadhali mnisikie mimi kuliko watu wa Mukuyuni, wanaosema nilimtangaza shangazi yangu kuwa mchawi mbele ya kanisa zima (sikumtangaza, nilijibu swali tu).

Mizabibu ya mama ilikuwa imeshikwa na virusi. Majani yaligeuka mekundu huku mishipa ikibaki kijani, na kingo zikajikunja chini kama vidole vya mtu anayeficha kitu. Dawa hakuna, unang'oa tu, na kwa kuwa ukishapogoa huwezi tena kuutambua mti mgonjwa, niliamua kuifunga alama mapema ili tuing'oe baada ya mavuno. Nikachana gauni langu kuukuu, jekundu, nikafunga tepe zake kwenye kila mti mgonjwa. Sikuwaza mara mbili, mimi ambaye huwaza hata namna ya kubisha mlango.

Kesho yake wavunaji hawakuja. Wapita njia walihamia upande wa pili wa barabara bila kusalimia, na kuku wa jirani (naapa) hawakuvuka ua. Watu walishaamua kuwa kwa tepe zile tumeweka kithitu, uganga wa kiapo unaomuua anayeugusa.

Jumapili mchungaji akaleta waumini shambani kuomba, na mama akaniambia nieleze. Nikaeleza kwamba ni kitu kisichoonekana kwa macho, kinakaa kimya ndani miaka kabla ya kujionyesha, kinabebwa na vidudu vyeupe kama unga kutoka mti hadi mti, hakina tiba, na kilichoguswa lazima kichomwe na mizizi yake. Kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyosikia mwenyewe kwamba maneno yangu ni ya uchawi mtupu. Tepe zilipepea.

"Na nani alikileta?" mchungaji akauliza polepole.

"Kilikuja na miche," nikasema, "kutoka Kitui, kwa shangazi Kalekye."

Shangazi alikuwa pale pale mbele, amekuja kutusaidia kuvuna. Mwanamke aliyekuwa amemshika mkono kwa maombi akamwachia. Kisha wa upande wa pili.

Nikachuma zabibu za mti wenye utepe nikazibugia, nikipiga kelele kwamba virusi hivi havimdhuru mtu. Zilikuwa chachu (ugonjwa huu huzinyima sukari), nami kwa wasiwasi sikuwa nimekula tangu jana yake. Wote walinitazama, wakingoja. Nikatapika juu ya viatu vya mchungaji.

Mtu akaanza kulia. Shangazi akaja, akanifuta mdomo kwa leso yake, akachuma kichala.

"Huyu tangu utotoni tumbo lake ni dhaifu," akasema, akala, akitema mbegu moja moja, halafu akaomba jembe. Mizabibu ile aliing'oa peke yake, sisi tukitazama.

Nimeapa sitataja tena jina la mtu nikiulizwa ugonjwa umetoka wapi. Shangazi amepanda miche mipya, safi, kwake Kitui, na kila msimu hunitumia kichala. Nakila sokoni Mukuyuni, nimesimama, mpaka tunda la mwisho, ili waone.