Mtelezo wa Bo-gyeong

Kwiii! Soli ya kiatu ilikwaruza mbao za chumba cha mazoezi. Zaidi ya mlio huo, Seol Bo-gyeong hakukumbuka chochote. Siku ile alikuwa akicheza mbele ya kamera ndogo ili waimbaji wawili wapate video ya kujifunzia. Katikati ya kiitikio mguu wa kushoto ukamtoroka, bega likalegea, kichwa kikafuata taratibu kama cha mtu anayeegemea mto usiokuwapo. Akajikuta wima tena, sawasawa na mdundo. Aliomba radhi, akataka warudie. Lakini Mwalimu Pyo, mtunzi wa dansi hiyo, alikuwa amekwisha kuituma video.

Waimbaji wakaupenda mtelezo ule kuliko dansi yote. Dabi alitoka kundi la wasichana la kampuni moja, Seru alikuwa mfokaji wa rapu wa kampuni nyingine, na watu wao walikuwa bado wanagombania jina la nani litangulie kwenye bango la wimbo wao wa pamoja. Kwenye mtelezo hawakugombana. Wimbo wenyewe ulikuwa wa mbio, ngoma juu ya ngoma, na katikati ya mbio hizo pumzi moja ya kulegea. Haukupita muda, wanafunzi wakawa wanateleza kwenye vituo vya treni Seoul nzima, na wauza keki za mchele wanateleza sokoni na mwiko mkononi.

Aliyeshindwa kuteleza alikuwa Bo-gyeong peke yake.

Maisha yake yote ya kazi aliyapitisha nyuma ya migongo ya watu. Waimbaji aliwajua kwa visogo. Mama yake kule Gunsan, akitazama televisheni, alimtambua kwa kiwiko: “Kile pale! Kiwiko cha mwanangu!” Sasa goti lilikuwa limeanza kulalamika, na mnenguaji wa umri wake akitolewa mstarini mara moja, simu huacha kulia.

Asubuhi ya kurekodi kwenye ukumbi wa televisheni, Hae-rim, mnenguaji wa akiba, alimwonyesha tena mtelezo nyuma ya pazia.

“Dada, legea. Unateleza kama karani wa benki.”

“Na wewe unateleza kama nani?”

“Kama wewe, dada! Nimekuiga wewe! Sasa wewe sijui unamwiga nani.”

Wakacheka wote wawili, ila Bo-gyeong alicheka kidogo. Mwalimu Pyo akamvuta pembeni.

“Mara mbili tumerekodi, mara mbili umeuvunja mstari. Imebaki moja. Ukikosea, Hae-rim anaingia, na anabaki humo mpaka wimbo uishe msimu wake. Umenielewa?”

“Nimeelewa, Mwalimu.”

“Siku ile ulikuwa unawaza nini?”

“Sikumbuki.”

“Basi kumbuka!”

Bo-gyeong alipanda jukwaani hajalala vizuri tangu juzi. Taa zilikuwa na joto la blanketi. Mashabiki, waliopanga foleni tangu alfajiri, waliyaita majina ya Dabi na Seru kwa sauti moja, na vijiti vyao vya taa vikapanda na kushuka. Muziki ukaanza. Mwili ukaenda wenyewe, ruka, geuka, piga kifua, nao ule ukelele ukawa unasogea mbali, mbali, ukawa mvua juu ya paa la nyumba ya bibi yake. Ndani ya mvua hiyo palikuwa na sakafu iliyopashwa joto kwa moto wa chini yake, na harufu ya mpunga. Mtu alikuwa akimfunika mabega. Bo-gyeong akampa uzito wake wote. Alipofumbua macho, taa zilikuwa palepale, visogo viwili palepale mbele yake, na mguu wake wa kushoto ulikuwa unatua.

Akamaliza kiitikio bila kujua kama alikuwa amekosea.

Muziki ulipokatika, Dabi aligeuka, akihema, akamwinamia mpaka nywele zikagusa magoti. “Dada, nimeuona kwenye skrini. Ndio ule!”

Mwalimu Pyo alikuja mbio, vipokea sauti vikining'inia shingoni. “Huo! Huo ndio! Hae-rim, vua viatu, kapumzike. Bo-gyeong, msimu mzima ni wako, lakini niambie ili nikawafundishe wengine. Umefanyaje?”

Mstari mzima ukasogea kusikiliza. Bo-gyeong akajifuta jasho, akamsogelea sikioni.

“Nadhani nilisinzia, Mwalimu.”