Mwani wa Mama Uani Hai Mauna

Mama aliporudi Juba kutoka kambi ya wakimbizi Uganda, hakuwa na mzigo wa maana ila jerikeni moja ya maji ya kijani, aliyoipakata kwenye basi safari nzima. Kusema kweli, nilimwonea aibu pale kituoni. Ndani mlikuwa na mwani, ule wanaouita spirulina, aliojifunza kwa wanawake wenzake huko kambini.

Aliufuga, ndivyo alivyosema mwenyewe, katika mabeseni mawili mapana uani kwetu Hai Mauna. Maji ya bouza, lile lori linalouza maji mtaani, aliyaacha yakae kwanza mpaka harufu ya dawa iishe, ndipo ayatie magadi. Kila akipita, anakoroga. Asubuhi anachuja kwa kitambaa, anabaki na ujiuji mzito wenye harufu ya ziwani. Nilimtania kwamba wenzetu wanafuga mbuzi, sisi tunafuga uvundo.

Kisha binti yangu wa mwisho akadhoofu, mbavu zikahesabika. Muuguzi wa kliniki akampa chakula cha matibabu. Alipoonyeshwa mwani akasema ni chakula kizuri, kinajenga mwili na kuongeza damu, ila kisichukue nafasi ya dawa. Mama alikubali nusunusu. "Huyo dada amesoma," akaniambia, "lakini uji nakoroga mimi." Kijiko kimoja cha mwani ndani ya uji, kila siku. Mtoto akanawiri. Kipi kilimponya, sijui. Nilichojua ni kwamba hakugusa uji mwingine ila ule wa kijani wa bibi yake, haboba wake.

Mama alinisihi nitenge hata chupa moja ya mbegu, maana mwani ukiisha wote hauna pa kuanzia tena. Nikasema wiki ijayo. Mimi nina kibanda soko la Custom, nina haraka zangu. Nimejichukia sana kwa neno hilo.

Malaria ilimchukua Mama kwa siku nne.

Kwetu msiba hauna mwaliko. Wanawake wa mtaa wanaingia tu, wanashika jiko, na mfiwa anakalishwa mkekani, haruhusiwi kugusa hata kikombe. Siku ya pili nikasikia maji yakimwagwa uani. Nilijua kabla sijainuka. Mabeseni yote mawili yalikuwa yamesuguliwa kwa majivu, na moja lilishajaa nyama. Nikapiga magoti, nikauchota udongo ule wa kijani kwa viganja. Ulikuwa tope tu.

Jirani yetu, mama mtu mzima aliyemuuguza Mama siku zote nne, akaniinua. "Yalikuwa yameoza, mwanangu. Nimekuoshea, wageni wasije wakakusema." Vidole vyake vilikuwa vimechubuka. Ningemgombeza vipi mtu kama huyo? Nikamwambia, asante mama.

Jioni nikampikia binti yangu uji. Akautazama bakulini, mweupe, akausukuma kando, akaniuliza kama haboba amemkasirikia. Nikalia mbele ya watu wote, na mtoto akalala bila kula.