Daktari wa Kwenye Runinga na Ng'ombe wa Bhoke

Mkono aliouona kwenye runinga ulikuwa wake. Bhoke hakuhitaji kuambiwa na mtu. Kovu lile chini ya kiwiko, refu kama kidole, alilipata kwenye seng'enge ya zizi mwaka aliomzaa Mseti, na sasa lilikuwa pale mbele ya macho ya nchi nzima, likiingia na kutoka nyuma ya ng'ombe. Mkono ulivishwa shati la kaki lililokunjwa mikono. Juu ya shati hilo wakaweka uso wa Jastin, mwigizaji, umelowa jasho.

Na jasho lile alilijua. Siku ya kupiga picha binti mmoja alikuwa akilinyunyiza kutoka kwenye chupa ya maji.

"Huyo si wewe?" alisema Dorah, mdogo wake, mwenye runinga na mwenye nyumba pale Mwisenge. "Mkono ni wako kabisa, dada. Kichwa tu ndiyo wamekupa cha mwanaume."

Majirani wawili waliokuja kutazama wakacheka. Bhoke hakucheka. Alingoja majina yaanze kupanda kwenye kioo, kwa sababu mwongozaji, Florian, alimwambia kwa mdomo wake kwamba kila aliyefanya kazi ataandikwa. Yeye hajui kusoma. Akamwambia Dorah asome.

Dorah akasoma la Jastin. Akasoma la mzee Baltazari aliyeigiza daktari mkuu, na la Adventina aliyeigiza mke wa daktari na kulia kweli kila ng'ombe alipomsogelea. Akasoma hata la mpishi.

"Mshauri wa mifugo," alisoma, kisha akamgeukia. "Lukas. Shemeji yako."

"Rudia."

"Yanapita, dada, hayarudigi."

"Na mimi?"

"Wewe haumo."

Bhoke akachukua kanga yake akawaaga majirani. Usiku ule alilala kwa Dorah bila kupata usingizi, na asubuhi alirudi Butiama.

Tamthilia yenyewe ilihusu miaka ya nyuma, wakati madaktari wa mifugo walipokuwa wakizunguka na Landrover boma kwa boma, wamevaa kaptura na soksi ndefu. Florian alitoka mbali na watu wake, akapenda vilima na mazizi ya Butiama, akapiga kambi wiki tatu. Alichagua zizi la Lukas kwa kuwa lilikuwa kubwa. Kubwa lilikuwa kweli. Nusu ya ng'ombe waliomo walikuwa wa marehemu mume wa Bhoke, ndugu yake Lukas.

Katika mji ule zizi ni la wanaume. Wanawake wanakamua na kuzoa mavi, lakini ng'ombe akizaa, wanaume ndio husimama. Ila mkono wa mwanaume ni mnene, na kuna ndama wanaokuja vibaya. Hapo ndipo mtu hutumwa kumwita Mama Mseti. Bhoke akifika, wanaume huketi kwenye ua na kumpa mgongo, wakiongea habari za mvua na za barabara ya Bunda mpaka wasikie ndama ameanguka. Kisha huinuka, hujikung'uta, na mmoja husema, "Amezaa." Nani amemzalisha, hakuna aliyewahi kusema. Miaka ishirini walikuwa wakimpa mgongo ili wasione, na kwa kuwa hawakuona, halikutokea.

Florian alipouliza ni nani mjuzi wa kuzalisha, Lukas alijibu, "Ni mimi." Siku ya kupiga picha ng'ombe akashikwa na uchungu, ndama mguu mmoja umekunjika nyuma. Lukas akaingiza mkono, akahema, akautoa mtupu. Ikabidi Mama Mseti aitwe. Wageni wale hawakujua kwamba wanatakiwa kugeuka. Walimtazama akifanya kazi, na Florian akashika kichwa kwa furaha.

Wakamvisha shati kama la Jastin. Jastin akainama mbele, Bhoke akachuchumaa nyuma yake na kupitisha mkono chini ya kwapa lake, kama mtu anayeiba embe kupitia dirishani. Akawaeleza kwamba huwezi kuvuta kwanza. Unamsukuma ndama arudi ndani, unautafuta mguu, unaufunika ukwato kwa kiganja usichane mama yake, unaunyoosha, ndipo unafunga kamba na kuvuta.

"Mama, hilo la kumrudisha ndani tutaliacha," Florian alisema. "Watazamaji hawataelewa. Wanataka kuona anatoka."

Kwa hiyo nchi nzima iliona kamba, mkono, na kuvuta.

Sasa ya tamthilia Bhoke angeyameza, kama alivyomeza mengine, lau mambo yangeishia kwenye kioo. Lakini alikuwa na ng'ombe mmoja. Mumewe alipokufa, Lukas alikusanya ng'ombe wote kwenye zizi lake, na kikao cha ukoo kikampa mjane mtamba mmoja mdogo ambaye hajazaa, Madoa, pamoja na neno: Madoa ni wako na uzao wake wa kwanza ni wako, na siku ndama huyo atakaposimama, utawachukua wote wawili uende kwenye kiwanja cha mumeo, ufungue lango lako, uanze mji wako. Mpaka siku hiyo Madoa alale kwa Lukas, na Bhoke apike kwa Lukas. Akapika miaka minne. Mtoto wake pekee, Mseti, alikuwa Kisorya akivua samaki, na hakuwa na sauti kwenye ukoo. Bhoke alimhesabia Madoa miezi ya mimba kwa vidole, kama binti anayemhesabia mpenzi siku za kurudi.

Jastin wakati huo alikuwa amekuwa mtu mkubwa. Kabla ya tamthilia alikuwa fundi simu Kamunyonge. Baada yake, alikuwa hawezi kupita stendi ya Bunda bila kushikwa mkono. "Daktari, ng'ombe wangu hacheui." "Daktari, ndama wangu anaharisha." Mwanzoni alicheka akawaambia yeye ni mwigizaji tu. Watu wakasema tazama unyenyekevu wa msomi yule. Mwishowe akaacha kukataa, akajinunulia koti jeupe. Ndivyo watu wa Mara, wanaomjua ng'ombe hata kwa harufu ya pumzi yake, walivyoanza kumpigia simu fundi simu.

Madoa alishikwa na uchungu asubuhi ya Jumamosi. Chupa ilipasuka jua likiwa bado dogo, ikatoka pua ya ndama na mguu mmoja. Mmoja tu. Bhoke aliona akiwa mlangoni pa jiko, akaacha mwiko ndani ya ugali, akanawa mikono kwa sabuni hadi mabegani.

Lukas alimzuia kwenye lango la zizi. Alikuwa na wageni watatu, wazee wa jirani, na kwa watu kama hao hupenda kuonekana.

"Tulia, Mama Mseti. Nimeshampigia daktari. Yuko njiani na bodaboda."

"Daktari gani?"

"Si ni Jastin. Umemwona mwenyewe kwenye TV anavyozalisha."

Bhoke alimtazama aone kama anatania. Mtu huyu alikuwepo siku ile. Alimwona Bhoke kwa macho yake akichuchumaa chini ya kwapa la Jastin. Lakini Lukas alikuwa ameitazama tamthilia mara nyingi kuliko alivyowahi kumtazama yeye, na kilichokuwa ndani yake sasa ni kile cha kwenye kioo.

"Shemeji, ule ulikuwa mkono wangu."

"Mambo ya kuigiza hayo usiyalete hapa," Lukas akasema. Wazee wakacheka kidogo, kwa adabu.

"Madoa ni ng'ombe wangu."

"Na zizi ni langu."

Walingoja. Bhoke alisimama kwenye seng'enge akiusikia muda ukipita kwa kila mkoromo wa Madoa. Jastin alipofika, na koti lake, wazee waliinuka kumpa mkono. Akatoa kamba mpya. Akaifunga kwenye mguu ule mmoja, akapanua miguu yake kama alivyofundishwa na Florian, akavuta. Lukas akashika kamba nyuma yake, akavuta naye. Madoa akalia kwa sauti ambayo Bhoke hakuwahi kuisikia kwa ng'ombe aliyemshika yeye.

Akaingia. Hakuzunguka kwa upande wa wanawake. Alipita lango lenyewe, mbele ya wazee, sketi imekunjwa kiunoni.

"Mwachieni. Arudishwe kwanza ndani."

"Mama Mseti, mpishe daktari," Lukas akasema.

Jastin alimsogelea. Sasa jasho lilikuwa lake mwenyewe. Akainamisha kichwa karibu na sikio la Bhoke.

"Mama yangu, mimi sijui. Tufanye kama siku ile. Mimi nisimame mbele, wewe upitishe mkono. Hawataona."

Hasira ilimpanda Bhoke hadi macho yakaona giza. Ndama wake ananyongwa, na huyu anatafuta pa kuficha aibu yake, na pa kuifichia ni mkono wa Bhoke. Kama angebaki kumtukana, ndama angekufa. Kama angechuchumaa, wangesema aliyezalisha ni Jastin. Alimsukuma kwa bega hadi koti likashika mavi, akapiga goti nyuma ya Madoa.

Nyuma yake alisikia wazee wakianza kugeuka.

"Leo hakuna kunipa mgongo," alisema bila kuinua kichwa. "Tazameni hapa. Kila mmoja aliyekuja kumwona daktari, atazame."

Hakuna aliyegeuka tena. Akamsukuma ndama, taratibu, akingoja Madoa apumzike ndipo asukume. Akaupata mguu uliokunjika. Akaufunika ukwato, akaunyoosha. Kisha akavuta kwa kufuata msukumo wa mama yake, na ndama akatoka mara moja, jike, ana madoa kama ya mama yake.

Alimsafisha pua. Akampuliza. Akamsugua kwa majani, akamning'iniza kichwa chini ute utoke, akampuliza tena hadi kifua chake mwenyewe kikauma. Ndama alikuwa na joto tu. Kitu kingine hakuwa nacho. Mguu ule uliofungwa kamba ulikuwa umechomoka begani.

Lukas ndiye wa kwanza kusema. "Basi, kazi ya Mungu. Madoa atabaki hapa mpaka azae mwingine. Neno la kikao lilikuwa ndama asimame."

Alikuwa amelifikiria haraka namna hiyo.

Bhoke akasimama. Hakuwa na haraka ya kunawa. "Jastin, waambie wazee hawa kazi yako."

Jastin alitazama koti lake.

"Waambie, mwanangu. Unafanyaga nini Kamunyonge?"

"Natengeneza simu," Jastin akasema.

"Na mkono wa kwenye TV?"

"Wa kwako, mama."

"Na ndama huyu nani kamvuta akiwa amekunjika?"

Jastin akamtazama Lukas. "Sisi wawili," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kwenye tamthilia.

Mzee mmoja akakohoa. Hakuna aliyecheka kwa adabu. Bhoke akamgeukia shemeji yake.

"Umesikia. Uzao wangu wa kwanza umeuawa na mwenye zizi, mbele ya watu watatu. Ukiitisha kikao nitakuja, na hawa watakuja. Leo natoka."

"Ukipita lango hilo, Mama Mseti, usirudi kula kwangu."

"Nilikuwa nakula kwako? Nani alikuwa anapika?"

Akamfunga Madoa kamba shingoni, akamvuta. Madoa hakwenda. Alikuwa amesimama juu ya mwanawe akimlamba, na kila alipovutwa alirudi, akamlamba tena tumboni na masikioni. Lukas akakunja mikono, ana tabasamu la mtu aliyesaidiwa na ng'ombe.

Bhoke akaiachia kamba. Akainama, akamshika ndama miguu minne, akamweka mabegani, shingo ya ndama ikaning'inia kifuani kwake. Akatembea. Alipofika langoni alisikia kwato nyuma yake, kisha pumzi ya moto mgongoni. Madoa alikuwa akimfuata, ulimi nje, akimlamba mwanawe na kumlamba mbebaji pamoja, na wazee wakasogea kuwapisha.

Kiwanja cha mumewe kiko ng'ambo ya kilima, mwendo wa nusu saa. Hapakuwa na ua wala lango, ni vichaka vya miiba tu. Akamlaza ndama chini, akamwacha Madoa amalize kulamba, akaenda kwa jirani kuazima panga la kukatia miiba ya ua na jembe la kumzikia ndama.