Njegere za Mkwe

Mimi ni mtu wa nyumbani. Enzi hizo za Mwingereza, wenzangu niliosoma nao sekondari walipanda treni wakaenda kutafuta dunia. Mimi elimu yangu niliirudisha kwetu Manundu, hapo Korogwe, nikaikalisha kwenye kiti cha uvivu, barazani. Nilikuwa karani katika shamba la mkonge, na kazi hiyo niliipendea jambo moja tu: kutoka mlangoni kwangu hadi ofisini, sigara ilikuwa haijaisha.

Kuoa nako nusura kunishinde, kwa kuwa mchumba wangu alikuwa wa Dindira, na Dindira iko juu. Nilipanda mlima mara mbili tu, siku ya posa na siku ya harusi, na mara zote mbili sikuona kitu, kwani nilikuwa naangalia chini. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Ukikutana naye njiani, wewe unaingia kichakani na yeye anaingia kichaka kingine. Kwa hiyo mama mkwe wangu nilimjua visigino. Sauti yake niliisikia mara moja, akilia harusini nyuma ya ukuta. Na yeye, kama alinijua, basi alilijua koti langu jeusi, ambalo lilikuwa la kuazima.

Baba mkubwa wangu, kaka yake marehemu baba, hakuipenda ndoa ile. Alisema hana neno, kisha akasema maneno asubuhi nzima. "Umekwenda kuchukua mwanamke wa milimani. Atakulisha majani kama sungura." Tulipomaliza miezi michache ya ndoa akatuma habari kutoka kwake Sindeni, Handeni: Jumapili atakuja kula chakula cha mchana, aionje hiyo mikono.

Mke wangu alielewa uzito wa neno lile. Chakula kikimshinda siku hiyo, baba mkubwa angelisimulia jambo hilo katika kila msiba na kila harusi ya Handeni, na yeye angezeeka akiitwa mpika majani.

Basi Jumapili ilipofika nilikuwa nimekwisha kukaa vizuri barazani, mara akaja akanizibia mwanga, kikapu mkononi.

"Bwana, inuka twende sokoni."

"Twende na nani?"

"Na hiyo miguu."

Nikavaa shati langu la kulimia, ingawa silimi, tukaenda. Soko la Jumapili lilikuwa limefurika, watu wa mkonge wote wako mapumzikoni. Mlangoni mke wangu akagawa kazi.

"Nyama nitanunua mimi. Safari ile uliniletea mifupa."

"Ilikuwa na nyama."

"Ilikuwa na kumbukumbu ya nyama. Wewe nenda kwenye mboga. Nataka njegere za kuunga kwa nazi, zilizochumwa leo. Ganda ulibonyeze. Likilia, nunua. Likinyamaza, ondoka. Hiyo hata mbuzi anaiweza."

Nikaenda kifua mbele, mtu niliyepewa kazi ya mbuzi.

Akina mama wa milimani walikuwa wamekaa safu moja juu ya magunia, makabichi mbele yao. Njegere nilizikuta kwa mama mmoja tu, mwisho kabisa wa safu, mnene kidogo, kajifunga kanga kiunoni kama mtu anayengoja ugomvi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu njegere."

Nikabonyeza ganda. Kimya. Nikabonyeza jingine. Kimya kama kanisani.

"Mama, hizi zimelala."

"Zimelala wapi? Zimeshuka mlima alfajiri hii kichwani mwangu. Waliolala ni nyinyi watu wa nyika."

Wenzake wakacheka. Hapo ningeondoka, kama nilivyoagizwa. Lakini mtu aliyefika sekondari hapendi kuchekwa na safu nzima ya makabichi.

"Zimelala, mama, na zimeota ndoto."

"Wewe umekula mlenda tangu ulipoachishwa ziwa. Habari za njegere unazijulia wapi?"

Ndipo nikaona, pembeni mwa goti lake, furushi la jani la mgomba. Jani lilikuwa limefunguka kidogo, na ndani yake njegere za kijani kibichi, bado zina umande. Nikapenyeza vidole, nikabonyeza. Zikalia! Zililia kama kifaranga.

"Nipe hizi."

Akanichapa mkono. Kofi hasa, la mzazi.

"Hizo haziuzwi! Ni za mkwe wangu."

"Mkwe wako ni nani hata ale zinazolia, sisi tule maiti?"

"Mkwe wangu ni mtu. Kasoma. Anakaa ofisini na koti lake. Hana mikono ya kupapasa mali za watu."

Msomaji amekwisha kuelewa. Mimi sikuelewa. Korogwe siku hizo ilikuwa na makarani kama nzi kwenye papai, na kila mmoja ana mama mkwe. Isitoshe mkono uliniuma na wivu ulinipanda.

"Msomi gani wa kuletewa njegere na mama mkwe? Si aje sokoni mwenyewe? Mvivu huyo! Mimi nawajua watu wa namna hiyo. Hushinda barazani wamejilaza kitini, dunia inawapita."

Na kweli nilikuwa nawajua.

Mama akainuka juu ya gunia. "Usimtukane mkwe wangu! Mkwe wangu ana haya. Siku ya harusi hakuinua uso hata kidogo. Si kama wewe, unanitazama mdomoni kana kwamba unanihesabu meno."

"Hata mimi nina mama mkwe," nikasema, "mwanamke wa heshima zake. Saa hizi katulia kwake. Hawezi kukaa juu ya gunia akapigana na wanaume."

"Basi ana bahati mbaya ya kukupata wewe."

"Na huyo mkwe wako Mungu amsaidie meno. Bila shaka hata kutafuna anatafuniwa."

Safu nzima ya makabichi ilikuwa inajifuta machozi. Mke wangu akatokea, nyama imefungwa gazetini. Akaniangalia, akamwangalia yule mama, kisha akakiweka kikapu chini taratibu kama kina mayai.

"Mama," akasema.

Nilidhani anamsalimu muuzaji, kama afanyavyo mtu yeyote mwenye adabu.

"Afadhali umekuja," nikamwambia. "Huyu mama ananinyima njegere. Eti anamwekea mkwe wake, mvivu mmoja hivi."

"Huyo mvivu ni wewe," akasema mke wangu.

Sijui nani kati yetu alikimbia kwanza. Niliona kanga ikiruka juu na kufunika kichwa, nikaona na visigino, ambavyo nilivitambua papo hapo, vikitokomea nyuma ya mikungu ya ndizi. Mimi niliingia nyuma ya magunia ya papa mkavu, nikajibanza humo na harufu yake. Soko zima likashangilia kama tumefunga goli.

Mke wangu akabaki peke yake katikati. Sauti ikatoka kwenye ndizi.

"Mwanangu, muulize mumeo alivyosema mkwe wangu anatafuniwa, kamwona wapi."

Nikajibu kutoka kwenye papa: "Mwambie mama sikumjua."

"Mwambie mumeo hata mimi sikumjua. Koti liko wapi?"

"Mwambie mama koti lilikuwa la kuazima."

"Mnasikiana nyote!" mke wangu akapiga kelele. "Mimi nina mgeni mchana na sufuria haijapanda. Mama, hizo njegere unatoa au hutoi?"

Ndizi zikafikiri kidogo.

"Nilisikia huyo mzee anakuja kukuonja, ndiyo maana nimeshuka. Zichukue. Lakini huyo aliyemwita mkwe wangu mvivu, aje Dindira aniambie huko huko kwangu."

Mke wangu akachukua furushi la jani, na kwa kuwa mtoto wa muuzaji ni muuzaji, akanilazimisha ninunue pia fungu la zile zilizolala.

Baba mkubwa alifika jua likiwa utosini, fimbo mkononi, uso umekunjwa tayari. Mke wangu akapiga magoti akamwamkia, akaandaa wali, nyama, na bakuli la njegere za nazi likifuka moshi. Mzee akatia kijiko. Akatafuna. Mke wangu alikuwa anatazama mkeka, vidole vyake vikisokota pindo la kanga.

Mzee akameza. Akatia tena. Tena. Halafu akauliza bila kuinua kichwa, "Hizi mmezipata wapi?"

Mke wangu akamweleza yote, na hata kofi hakulisahau. Baba mkubwa alicheka mpaka nikampa maji. Alipopata pumzi akavaa uso wa hakimu.

"Aliyetukanwa ni nani?"

"Mkwe wa yule mama," nikasema.

"Ndiye nani?"

"Ndiye mimi."

"Na aliyemtukana?"

"Mimi."

"Basi kesi hii ni ya mtu mmoja, haina shida. Utapeleka mbuzi Dindira, kwa miguu yako mwenyewe." Akalivuta bakuli upande wake. "Na njegere hizi aliwekewa mkwe mwenye haya. Nimetazama humu ndani, simwoni."

Kisha akamgeukia mke wangu, na sauti ikalainika.

"Mwanangu, nilisema watu wa milimani wanapika majani. Niongezee majani."

Mke wangu akainuka upesi, akageukia ukuta. Aliporudi na upawa, macho yake yalikuwa yamelowa na meno yote yako nje. Akanipakulia na mimi. Zilikuwa zile zilizolala. Nilizitafuna kama changarawe, bila kutafuniwa na mtu.

Jumapili iliyofuata nilipanda mlima na mbuzi ambaye naye, nahisi, alikuwa mtu wa nyumbani. Kila kona alikaa, na kila alipokaa nilimuunga mkono. Tulipofika nikamfunga uani, nikaketi nimeupa mgongo mlango wa jikoni. Sauti ikatoka ndani. Safari hii niliijua.

"Jamani, muulizeni mgeni, yule mkwe wangu mvivu hajambo?"

"Hajambo," nikaujibu mti wa mbele yangu, "ila kachoka sana."

Kikasikika kicheko, kikazibwa na kanga. Kisha kando ya mgongo wangu ukatokea mkono, ule ule ulionichapa, ukasukuma bakuli la njegere na kurudi ndani. Nikala nimeangalia chini, kimya, kama mtu mwenye haya zake.