Bariyeri Tuliyoiomba

Binti yangu hasikii tangu alipougua surua. Kila asubuhi alivuka barabara yetu ya Nyakasanza kwenda masomo, na kamyo za vita, malori ya askari, zilipita pale kama zinafukuzwa. Wenzake walisikia muungurumo wakakimbia, yeye alitembea tu. Nilimshika mkono mpaka ng'ambo, kisha nikakimbilia darasa langu, nimechelewa tena.

Siye majirani wa avenyu tukakaa, tukaamua kuandikia biro ya mji. Tulitaka kitu cha kupunguza mbio: tuta la udongo, gogo, chochote. Kalamu nikapewa mimi, eti mwalimu anajua Kifaransa. Neno la Kifaransa la tuta likanipotea kabisa. Nikaandika bariyeri.

Tulienda mara nne. Mara mkubwa iko kwenye mkutano, mara mkubwa amekimbia mji, mara mkubwa mupya anataka karatasi iandikwe upya kwa jina lake. Nikaandika upya, nimechoka mpaka mifupa, na neno nikaliacha vilevile.

Mara ya tano wakakubali. Jumatatu tukakuta kamba imefungwa kati ya miti miwili, na askari watatu wamekaa kando. Bariyeri kweli, kizuizi cha askari, ile kila mutu wa Ituri anaijua. Kamyo za vita ziliinuliwa kamba, zikapita na mbio zilezile. Wamama wa soko ndio walisimamishwa, beseni zikapekuliwa, mihogo ikabaki pale kwa askari. Jirani aliniuliza ni nini hasa niliwaombea.

Siku ya tatu nilikuwa nafunga viatu, binti akatangulia. Askari akamwambia asimame. Akarudia. Yeye akaendelea, mkoba mgongoni. Niliona bunduki ikipanda. Nilimrukia mutoto wangu, tukaanguka wote katika vumbi, nikalia bila haya nikionyesha masikio yake. Askari akashusha bunduki.

Siku ileile nilirudi biro kuomba waitoe. Karani alifungua faili, akanisogezea karatasi.

"Mwalimu, si ni weye uliandika? Hii si mukono yako?"

Ilikuwa mukono yangu.

Bariyeri ikabaki, na sikumruhusu tena kwenda masomo. Lakini kila asubuhi alisimama mlangoni na mkoba, ananinyoshea mkono tuvuke, na mimi nilijifanya bado nafunga viatu.