Mapazia ya Nyambizi

Kwa miaka sita Gervas alikuwa akijenga Dubai ndogo. Katika karakana ya Mzee Msellem, kule Al Quoz, alitengeneza mifano ya maghorofa ambayo bado hayajajengwa: minara ya kimo cha goti, yenye taa madirishani na mitende ya plastiki mlangoni, ili wanunuzi waone wanachonunua. Mwaka 2013 ikaja kazi isiyo na hata mtende mmoja.

Kiwanda kimoja cha meli cha Ulaya kilikuwa kikibuni kundi jipya la nyambizi za mashambulizi, zile za dizeli na umeme, na kilitaka mfano wa mita mbili kwa ajili ya maonyesho. Ubavu mmoja uachwe wazi, kama papai lililopasuliwa, matumbo yote yaonekane. Nyambizi yenyewe ilikuwa ingali kwenye karatasi, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Siku ya kwanza Gervas aliupitia mchoro mara mbili, kisha akamgeukia mhandisi wa kiwanda, Bwana Henrik, mtu mrefu aliyekwisha kubabuka kwa jua la wiki moja.

"Sir, madirisha yako wapi?"

"Hakuna madirisha."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Gervas akaurudia mchoro kwa heshima. Nyumba isiyo na dirisha hata dalali wa mtaa wa Deira asingeweza kuiuza.

Henrik akamweleza kwamba chombo kikiwa karibu na uso wa maji huvuta hewa kwa bomba refu, na injini za dizeli huchaji betri. Kikishuka chini injini huzimwa, mota ya umeme ikakiendesha kimya kimya, adui asisikie kitu. Gervas alielewa upesi. Parokia ya kwao, karibu na Bukoba, ilikuwa na jenereta na betri vilevile, ila jenereta hiyo haikuwahi kunyamaza, hata padri akihubiri.

Likizo yake ilikuwa imefungwa kwenye nyambizi hiyo. Binti yake Rosina alikuwa apate kipaimara Jumapili ya mwisho ya Novemba. Komunio yake ya kwanza Gervas aliikosa kwa sababu ya mnara ulioongezwa ghorofa nane dakika za mwisho. Safari hii alikuwa ameahidi.

"Mfano ukitoka mlangoni, nawe toka," alisema Mzee Msellem, ambaye wazazi wake walihamia Dubai kutoka Unguja, na Kiunguja chao hakijamtoka. "Kabla ya hapo, yakhe, hata kivuli chako hakendi mahali."

Rosina alipiga simu. "Baba, nyambizi ndiyo nini?"

"Ni meli inayozama kwa makusudi."

"Na mwenyewe anajua?"

Kila Jumapili asubuhi, wiki ya kazi ikianza, Henrik alileta mchoro mpya. Katika wa pili, injini nne zikawa mbili ili kelele ipungue. Gervas akang'oa mbili. Katika wa tatu, tumbo likarefushwa lipate betri zaidi. Akaikata nyambizi katikati kwa msumeno na kuiunga upya. Katika wa nne, mapezi ya mkiani yaliyosimama kama msalaba yakalazwa yakawa kama herufi X, yasigonge chini kwenye maji mafupi. Wa tano ukarudisha injini moja.

"Kaka, mahari ya huyu bibi arusi haiishi," alisema Deus, mpaka rangi wa karakana, ambaye pia alilala chumba kimoja na Gervas. "Umepeleka ng'ombe, sasa wanataka na kamba."

"Mimi nikose kipaimara cha mtoto kwa ajili ya kamba?"

"Basi peleka upesi."

Katika mchoro wa sita betri zilikuwa zimekula vyumba, na mabaharia wakasukumwa mbele, kwenye vitanda vya ngazi tatu kando ya makombora ya topido. Vitanda hivyo Gervas alivijua. Alilala katika kimoja, kule Muhaisnah, chumba cha watu wanane, ambako kila mtu huzungushia kitanda chake pazia. Nyuma ya pazia hilo mtu ni mwenye nyumba. Ukimhitaji, unagonga chuma na kupiga hodi. Asiye na pazia ni aliyefika jana.

Akavitazama vile vitanda thelathini na viwili, vitupu vyote, akaona haya kwa niaba ya wanamaji. Mkono ukafanya kazi kabla kichwa hakijaomba ruhusa. Akanyoosha waya mwembamba wa shaba, akatundika mapazia thelathini na mawili ya buluu yenye nukta nyeupe.

Jumatano mfano ukakaguliwa. Ndege ya Gervas ilikuwa Alhamisi. Henrik alikuja na kapteni mstaafu, mshauri wa nchi iliyotaka kununua. Kapteni akazipita injini, akazipita betri, akafika vitandani, akainama. Akafungua pazia moja kwa ncha ya kidole, akalifunga.

"Haya ni wazo la nani?"

Henrik akapekua mchoro, ukurasa kwa ukurasa. Gervas akatazama viatu vyake.

"Miaka ishirini nimelala chini ya maji," alisema kapteni. "Adui hakuniamsha hata siku moja. Aliyeniamsha ni jirani na taa yake. Nayataka haya."

"Basi itabidi tutoe mchoro wa saba," alisema Henrik, akitoa kalamu.

Gervas alihisi Jumapili ya Rosina ikizama, tena kwa makusudi. Ndipo Mzee Msellem akakohoa.

"Sir, mara tano mfano umeufuata mchoro. Mapazia tayari yapo. Mara hii mchoro na uufuate mfano. Khalas."

Kapteni akacheka, Henrik akatia sahihi. Saa kumi jioni nyambizi ilitoka mlangoni ikiwa imefungwa blanketi, na Gervas nyuma yake.

Jumapili, nje ya kanisa, Rosina akiwa amemshika baba yake mkono asitoroke, simu ya Gervas ikalia. Alikuwa Deus.

"Hongera ya mtoto, kaka. Huku kiwanda kinauliza kile kitambaa cha mapazia kinapatikana wapi."

"Umewajibu nini?"

"Nimesema kipo kitandani kwangu, na kilichobaki hakitoki. Tangu ulikate pazia langu, miguu yangu inaonekana na chumba kizima. Ukirudi, rudi na mita mbili."