Marubani wawili, ndege moja, mishahara miwili

Wakuu, heshima kwenu. Hili sijasimuliwa, nilikuwepo. Anayedhani ni chai apite tu.

Miaka ya 2015 hivi nilikuwa naishi Okolona, Louisville. Leseni ya urubani ninayo, ila napakia maboksi warehouse. Mbongo akifika majuu anakuwa mpole, acheni tu.

Kampuni moja (jina naliacha) ikawa inatafuta marubani wa kubebea jeshi la Marekani mizigo huko vitani. Unabaki raia, ni contract tu. Interview ikafanyika Columbus.

Huko nikakutana na Dieudonné, Mkongo wa Bukavu aliyekuwa anaishi Buffalo, East Side. Jamaa alirusha vindege milima ya Kivu miaka kibao, masaa ya angani amenizidi mbali. Wakati huo yuko kiwandani.

Recruiter akatuita mmoja mmoja. "Sasa hivi unalipwa ngapi?" Mimi nikamkwepa, nikamwambia ataje dau lake kwanza. Mwenzangu mlokole, alikuja kunisimulia kwamba alitaja mshahara wa kiwandani hadi senti.

Tukapata kazi wote. Tukaonywa mshahara ni siri ya kila mtu.

Tukaruka pamoja muhula mzima. Leo mimi captain, kesho yeye. Tulirushiwa risasi pamoja, tukaomba pamoja. Mshahara hatukuulizana. Kwetu kumuuliza mtu mzima kipato chake ni kukosa adabu, mnajua wenyewe.

Likizo nikaenda kumtembelea Buffalo. Jumapili kanisani kwao, katibu anatangaza fungu la kumi la mwezi kwa majina na kiasi, watu wanapiga makofi. Likatajwa la Dieudonné. Nikazidisha kwa kumi.

Mungu wangu! Hata nusu ya mshahara wangu haifiki. Na yule hawezi kumpunja Mungu, namjua.

Niliumia sana wakuu. Alikuwa anajiandaa kusaini muhula mwingine, na mkewe ana mimba.

Mezani, tunakula sombe, kisamvu chao, nikawatajia yeye na mkewe mshahara wangu. Dieudonné akasema: "Donc kaka, ndege ikianguka tunakufa siku moya. Bibi yako watamulipa mingi, wangu watamulipa kidogo?"

Ndivyo ilivyo. Fidia ya mjane inapigiwa hesabu kwa mshahara wa marehemu. Mkewe akaenda jikoni, tukamsikia analia.

Kesho yake akapiga simu akaomba alipwe kama mimi. Akajibiwa mkataba ni uleule, hataki aache. Akaacha, akarudi kiwandani.

Mimi nilirudi kuruka. Nina watoto wa kulisha, mnihukumu mtakavyo.

Kwenye kiti chake alikaa Mkenya mmoja wa makamo. Kabla hatujawasha engine nikamtajia mshahara wangu. Akanitazama, akavua headphone.

"Boss, rudia hapo."

Funzo ni kwamba ile siri inamlinda anayelipa peke yake. Mlio kwenye contract za namna hii, mnaulizana? Semeni hapa, nami wangu nitautaja.